Leseni ya Type 74: namna ya kufungua kiwanda kidogo cha pombe kali California bila kukwama njiani

Maswali ni yale yale kila mara. Naanzia serikali kuu au jimboni? Naweza kupikia kwenye gereji? Nikishapata leseni, naruhusiwa kumuuzia mteja chupa mkononi, au lazima nipitie kwa muuzaji wa jumla? Mwongozo huu ni kwa anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha pombe kali katika jimbo la California: wiski, jini, vodka, ramu na jamii yake. Kila jimbo la Marekani lina kanuni zake, kwa hiyo usichukue hatua hizi ukazipeleka Texas au Minnesota. Sehemu ya serikali kuu tu ndiyo inayofanana kote.

Gereji tuimalize hapa hapa: hapana. Bia na divai mtu mzima anaruhusiwa kutengeneza nyumbani kwa matumizi yake. Pombe ya kukeneka, yaani ile inayochemshwa na mvuke wake kukamatwa, haimo katika ruhusa hiyo hata kama ni lita moja ya kuonja na wajomba. Sheria ya kodi ya serikali kuu, kifungu cha 5601, inataja kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 10,000. Kiwanda chenye kibali nacho hakiwezi kuwekwa ndani ya nyumba ya kuishi, wala kwenye banda au ua ulioungana nayo.

Kilichobadilika

Zamani California ilikuwa na leseni ya mtengenezaji wa pombe kali, Type 4. Mwenye leseni hiyo alitengeneza, akamuuzia muuzaji wa jumla, akaishia hapo. Mgeni angeweza kuzunguka kiwanda na kuonja, lakini chupa akainunue dukani. Kwa kiwanda kidogo hiyo ni hukumu, kwa sababu muuzaji wa jumla hana haja na mtu mwenye makasha 40 kwa mwezi.

Sheria ya AB 1295 ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016, ilileta leseni mpya ya Type 74. Mtengenezaji mdogo akaruhusiwa kumuuzia mgeni hadi lita 2.25 kwa siku, sawa na chupa 3 za mililita 750, lakini sharti mgeni awe ameshiriki kuonja. Kikomo cha uzalishaji kilikuwa galoni 100,000 kwa mwaka. Kisha SB 1164 ya 2018, kuanzia Januari 2019, ikapandisha kikomo hadi galoni 150,000 na kuondoa sharti la kuonja kwanza. Leo mteja anaingia, analipa, anatoka na chupa zake 3.

Yaliyobaki magumu ni haya:

- Angalau asilimia 65 ya ujazo wa pombe unayotengeneza lazima itoke kwenye mtambo wako mwenyewe. Kununua spiriti tupu ya mtu mwingine, kuongeza ladha na kubandika lebo hakukufanyi mtengenezaji mdogo.
- Kuonja hakuzidi aunsi 1.5 kwa mtu kwa siku.
- Huwezi kuwa muuzaji wa jumla huku ukishika Type 74. Unaweza kuwa na maslahi katika leseni zisizozidi 2 za baa au mgahawa, na masharti yake ya ununuzi na ya idadi ya chapa yanabana. Usijenge mpango wa biashara juu ya baa kabla ya kuyasoma.
- Ukivuka galoni 150,000, wakati wa kuhuisha unahamishiwa Type 4, na dirisha la kumuuzia mteja moja kwa moja linafungwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya fomu yoyote

Kusanya haya kwanza. Ukianza bila hivi, maombi yatakaa yakisubiri kitu kimoja huku pango linakwenda.

- Kampuni iliyosajiliwa kwa Katibu wa Jimbo, kwa kawaida LLC (kampuni ya dhima yenye kikomo). Kumbuka LLC ya California inadaiwa kodi isiyopungua dola 800 kila mwaka, iwe imeuza au haijauza.
- Namba ya mwajiri, EIN, na ile barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, inayoithibitisha. Usiitupe.
- Kitambulisho na historia ya makazi na kazi ya kila mwenye hisa kubwa na kila mkurugenzi.
- Ushahidi wa fedha: taarifa za benki, mikataba ya mikopo, barua za waliochangia.
- Mchoro wa jengo wenye vipimo.
- Orodha ya vifaa: kila mtambo wa kukenekea, ujazo wake kwa galoni, mtengenezaji wake, kila tangi na kazi yake.
- Akiba ya kulipa pango angalau miezi 8 bila kuuza kitu.

Kipengele cha fedha kinawaumiza watu wetu kuliko kingine chochote. Mamlaka zinauliza kila dola imetoka wapi. Mtaji uliotoka kwenye chama, mchango wa ukoo, au fedha aliyotuma shemeji kutoka Muscat si haramu, lakini ukiwa umeingia benki kwa vipande vya noti bila karatasi, utaulizwa hadi uchoke. Kabla fedha haijaingia, andikeni: nani ametoa, kiasi gani, ni zawadi, mkopo au hisa. Kama ni hisa, mchangiaji anaweza kuwa mmiliki ambaye naye lazima atajwe na kuchunguzwa. Kumficha mmiliki ndiyo njia ya haraka ya kunyimwa, na hata leseni iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa kwa hilo.

Hatua

1. Amua utatengeneza nini, na kisheria kinaitwaje.

Jina la bidhaa linaamua leseni, lebo na hata kodi. Nafaka iliyochachushwa, ikakenekwa na kuhifadhiwa kwenye pipa la mwaloni ni wiski. Mtama na ulezi ni nafaka, kwa hiyo wiski ya mtama inawezekana kabisa. Muwa ni ramu. Tunda ni brandi: ukichachusha ndizi kwa ajili ya kitu kama waragi wa kwao Uganda, au mabibo ya mkorosho, lebo itakuambia ni brandi ya tunda hata kama wewe unaiita vingine. California inaihesabu brandi kando ya kikomo cha galoni 150,000 na ina leseni yake, Type 3. Kama tunda ndilo wazo lako, waulize ABC, idara ya jimbo inayosimamia vileo, kama unahitaji zote mbili. Uliza kwa maandishi na utunze jibu.

2. Tafuta jengo, usisaini.

Nenda kwanza ofisi ya mipango ya mji ukiwa na anwani mkononi. Waulize mambo mawili, kila moja peke yake: je, eneo hili linaruhusu *kutengeneza* pombe kali, na je, linaruhusu *kuonja na kuuza rejareja*? Maeneo mengi ya viwanda yanakubali la kwanza na kukataa la pili, au yanadai kibali maalumu cha matumizi chenye kikao cha hadhara. Kikao hicho peke yake kinaweza kula miezi. ABC itataka tamko la matumizi ya eneo, fomu ABC-255, kwa hiyo jibu la mji utalihitaji hata hivyo.

Mwenye nyumba akikataa kusubiri, saini mkataba wenye kifungu kinachosema unavunjika bila faini iwapo kibali cha mji, cha TTB (ofisi ya serikali kuu ya kodi ya pombe) au cha ABC kitakataliwa. Asiyekubali kifungu hicho, muage.

3. Mlete mkaguzi wa zimamoto mapema.

Hapa ndipo bajeti hupasuka, na wanaoanza hawaelewi kwa nini. Spiriti kali ni kimiminika kinachowaka. Kanuni za moto zinaweka kiasi cha juu unachoweza kuhifadhi katika eneo moja la jengo la kawaida: galoni 120, au galoni 240 kama jengo zima lina vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Ukipita hapo, jengo linahesabiwa kuwa la hatari, daraja la H-3, na gharama ya kuta, hewa na umeme inaruka juu sana.

Piga hesabu ya ngoma (mapipa ya kuletea spiriti) na matangi. Ngoma 2 za galoni 55 ni galoni 110, uko salama. Ngoma 3 ni 165, umeshapita kama huna vinyunyizio. Tangi la plastiki lenye kizimba cha chuma, lile la galoni 275 ambalo wauzaji wa spiriti hupenda kukupa kwa bei nzuri, *linapita vikomo vyote viwili peke yake*. Watu hulinunua kwa sababu ni nafuu kwa galoni, kisha mkaguzi anafika.

Chupa ndogo zilizokwisha kujazwa na mapipa ya mbao vina utaratibu wake. Muulize mkaguzi anavihesabu vipi, na umwonyeshe kwenye mchoro vitakaa wapi. Muulize pia kuhusu hewa, taa na swichi zisizotoa cheche karibu na mtambo, na mahali pa kumwagia spiriti ikivuja. Usinunue mtambo kabla ya mazungumzo haya. Mtambo wa moto wa gesi wa moja kwa moja na mtambo wa mvuke havipati jibu moja.

4. Ongea na idara ya maji taka.

Mabaki ya mtambo hutoka ya moto, yenye asidi na yenye masalia mengi yanayooza. Miji mingi haitaki yamwagwe hivyo kwenye bomba. Huenda ukahitaji tangi la kupoza na kurekebisha asidi. Makapi ya nafaka mpe mfugaji. Wapo wanaoyafuata wenyewe.

5. Chora mstari kati ya sehemu ya dhamana na sehemu ya kuuzia.

Serikali kuu inaitazama kodi ya pombe kali kama deni linalozaliwa pale tone la kwanza linapotoka kwenye mtambo. Sehemu ambayo pombe iko kabla kodi haijakokotolewa ni sehemu ya dhamana, na hapo rejareja ni marufuku. Chumba cha kuonja lazima kiwe nje ya mstari huo, na kila chupa inayovuka ihesabiwe kodi kwanza.

Kwenye mchoro onyesha ukuta, mlango wenye kufuli, au mpaka ulio wazi. Andika vipimo. Usichore kaunta ya kuonjea katikati ya matangi kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mchoro huo utarudishwa.

6. Peleka maombi TTB.

TTB ni ofisi ya serikali kuu ya kodi na biashara ya pombe na tumbaku. Maombi hupelekwa mtandaoni kupitia Permits Online, na hayana ada. Anayekutoza "ada ya kibali cha TTB" anakutoza kwa kazi yake mwenyewe, serikali haichukui kitu.

Unapeleka vitu viwili pamoja: usajili wa kiwanda na kibali cha msingi. Watakuuliza wamiliki, fedha, jengo, vifaa, ulinzi wa usiku na mchoro. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai ndani ya miaka 5 iliyopita, au kosa dogo la serikali kuu la vileo ndani ya miaka 3, anaweza kukataliwa. Mtaje, usimfiche.

Dhamana ya fedha ilikuwa kikwazo cha kwanza kwa wadogo. Tangu Januari 2017, kiwanda kinachotarajia kudaiwa kodi ya serikali kuu isiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, na ambacho hakikuzidi hapo mwaka uliotangulia, kimesamehewa dhamana. Kwa kiwango cha sasa cha wadogo, dola 50,000 ni kodi ya chupa zaidi ya 116,000 za mililita 750 zenye asilimia 40. Mwanzoni hutafika huko, kwa hiyo chagua msamaha na usilipie dhamana usiyoihitaji.

Kabla ya kibali kutoka, unaweza kufunga mtambo. Usiuwashe kwa pombe. Kuupima kwa maji ni sawa.

7. Peleka maombi ABC kwa wakati huo huo.

Usisubiri TTB imalize. Nenda ofisi ya wilaya ya ABC inayohusika na anwani yako, weka miadi. Utajaza taarifa binafsi (ABC-208-A) na ya fedha (ABC-208-B) kwa kila mhusika, na utachukuliwa alama za vidole kwa Live Scan, yaani kwa njia ya kielektroniki. Majina, hisa na kiasi cha fedha viwe sawasawa na vile vya TTB. Tofauti ya dola 5,000 kati ya fomu mbili inatosha kusimamisha faili.

Kisha bandika tangazo la ABC-207 mlangoni pa jengo, mahali linapoonekana, kwa siku 30 mfululizo. Likidondoka siku ya 12 na usilirudishe, unaweza kulazimika kuanza kuhesabu upya. Lipige picha kila wiki. Katika siku hizo jirani anaweza kuandika pingamizi, kwa hiyo watembelee kabla ya tangazo. Dakika 10 za kueleza kwamba unafunga saa 2 usiku na kwamba huna muziki wa nje zinaokoa kikao cha miezi.

8. Jisajili kwenye ofisi zinazosahaulika.

- CDTFA, idara ya kodi na ada ya jimbo: akaunti ya kodi ya vileo na kibali cha muuzaji kwa ajili ya kodi ya mauzo.
- CalRecycle, idara ya jimbo ya urejelezaji: tangu tarehe 1 Januari 2024 chupa za divai na pombe kali zimeingia kwenye mpango wa chupa za kurudishwa. Chupa ya aunsi 24 au zaidi hutozwa senti 10, ndogo zaidi senti 5. Mililita 750 ni aunsi 25.4, kwa hiyo ni senti 10. Ya mililita 375 ni senti 5. Lebo nayo lazima iwe na maneno ya CRV, yaani hiyo tozo ya chupa ya kurudishwa. Waliochapa lebo 20,000 bila maneno hayo wananunua stika.
- FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya serikali kuu: usajili wa kiwanda cha chakula, bure. Unahuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa 2, kati ya Oktoba 1 na Desemba 31.
- Wahudumu wa chumba cha kuonja: cheti cha RBS (mafunzo ya kuhudumia vileo kwa uwajibikaji) ndani ya siku 60 za kuajiriwa. Kinadumu miaka 3.
- Tangazo la Proposition 65 (onyo la jimbo kuhusu kemikali zenye madhara) la vileo mahali pa kuuzia.

9. Fomula, halafu lebo, halafu mchapaji.

Mpangilio ni huo, usiugeuze. Vodka yenye ladha, likeri na vinywaji vya kuchanganya vinahitaji fomula ikubaliwe na TTB kwanza, ndipo lebo iombwe. Lebo iliyopita hupewa cheti kinachoitwa COLA. Lebo nyingi hurudishwa kwa makosa haya: onyo la afya la serikali limebadilishwa neno au herufi zake ni ndogo mno, ujazo haukuandikwa kwa mililita, wiski ya chini ya miaka 4 haikutaja umri wake, jina la kampuni si lile la kwenye kibali.

Kiwango cha kileo kwenye lebo kisiachane na kilichomo kwa zaidi ya asilimia 0.3. Nunua haidromita iliyopimwa rasmi na kipimajoto cha kuaminika; vile vya bei rahisi havikufikishi hapo.

10. Pika, hesabu, ripoti.

Serikali kuu inatoza kwa *galoni ya prufu*: galoni moja ya Marekani yenye kileo asilimia 50. California inatoza kwa *galoni ya kawaida*. Kuchanganya hivi viwili ndilo kosa la hesabu linalojirudia kuliko yote.

Chukua chupa 1,000 za mililita 750 zenye asilimia 40:

- Ujazo: lita 750, sawa na galoni 198.1.
- Galoni za prufu: 198.1 × 0.8 = 158.5.
- Kodi ya serikali kuu kwa kiwango cha wadogo, dola 2.70 kwa galoni ya prufu: karibu dola 428. Kiwango kamili ni dola 13.50, ambacho kingekuwa karibu dola 2,140.
- Kodi ya California, dola 3.30 kwa galoni kwa pombe isiyozidi prufu 100: karibu dola 654. Ikizidi prufu 100, yaani asilimia 50, kodi hii inakuwa mara mbili, dola 6.60. Fikiria mara mbili kabla ya kutoa wiski ya asilimia 51.
- CRV: dola 100.

Kiwango cha dola 2.70 kinahusu galoni za prufu 100,000 za kwanza kwa mwaka. Kilianza kama cha muda 2018 na kufanywa cha kudumu Desemba 2020.

Ripoti za TTB za uzalishaji, uhifadhi na uchakataji zinapelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Hukupika chochote? Unapeleka zenye sifuri. Ritani ya jimbo ya CDTFA nayo ni tarehe 15. Ritani ya kodi ya TTB kwa wadogo inaweza kuwa ya robo mwaka, na inatakiwa ndani ya siku 14 baada ya robo kuisha. Weka tarehe hizi ukutani, juu ya mizani.

Ikikwama

*TTB imerudisha maombi ikisema majina hayalingani.* Linganisha barua ya EIN, cheti cha Katibu wa Jimbo na mkataba wa pango. Mara nyingi ni "LLC" yenye koma upande mmoja na bila koma upande mwingine, au pango limesainiwa kwa jina lako binafsi. Sahihisha pango, ndilo rahisi zaidi.

*Wanauliza tena chanzo cha fedha.* Usitume taarifa ile ile ya benki mara ya pili. Andika ukurasa mmoja: tarehe, kiasi, kutoka kwa nani, kwa njia gani, na kiambatisho namba ngapi. Barua ya Kiswahili ya mchangiaji iambatane na tafsiri na jina la aliyetafsiri.

*Jirani amepinga.* Omba nakala ya pingamizi. Malalamiko kuhusu saa na kelele mara nyingi huisha kwa wewe kukubali masharti kwenye leseni. Kabla hujasaini masharti, jiulize kama utaweza kuishi nayo miaka 10, maana kuyaondoa baadaye ni maombi mapya.

*Hesabu ya ghala hailingani na vitabu.* Angalia joto kwanza. Prufu hupimwa kwa nyuzi 60 za Fahrenheit. Ukipima kwenye ghala la nyuzi 85 bila kusahihisha kwa jedwali, kipimo kitasema kileo ni kikubwa kuliko kilivyo. Kisha angalia mapipa: yanavukiza. Upotevu uandike mwezi unapotokea, usiurundike hadi mwisho wa mwaka.

*Mshirika mpya ameingia na sasa ana usemi mkubwa.* Mabadiliko ya nani anadhibiti kampuni yanataka maombi mapya TTB ndani ya siku 30, la sivyo kibali kinakufa chenyewe. ABC pia ijulishwe. Hii ni kwa kampuni za familia hasa, ambako kaka hupewa nusu ya hisa kwenye meza ya chakula na hakuna anayekumbuka karatasi.

*Umehamisha ukuta au kuongeza mtambo.* Rekebisha usajili kabla, si baada. Mkaguzi huja na mchoro wako mkononi.

*Mteja anataka umtumie chupa.* Posta ya Marekani hairuhusu vileo, hata kama ni zawadi. Kampuni za vifurushi hupokea tu kutoka kwa mwenye leseni aliyeingia nao mkataba, na mpokeaji asaini akiwa na miaka 21 au zaidi. Ruhusa ya kumpelekea mlaji pombe kali ilitolewa kwa muda wakati wa korona, ikaisha 2022, na tangu hapo bungeni Sacramento suala hili limekuwa likirudi kila mara. Soma tangazo la sasa la ABC kabla ya kuweka kitufe cha kununua kwenye tovuti yako, na usome pia sheria ya jimbo ambako mteja anakaa.

*Mgeni anataka chupa 4.* Muuzie 3. Chupa 3 za mililita 700 ni lita 2.1, bado uko ndani, lita 1.75 pamoja na mililita 750 ni lita 2.5, umepita. Mwekee karani wako kikomo hicho ndani ya mashine ya mauzo ikatae yenyewe, kwa sababu Jumamosi jioni kukiwa na foleni hakuna anayepiga hesabu.